Sura ya Sita: Kwanza Ujifunze Kuanguka

Siku ya kwanza katika shule nzuri ya mieleka ya kulipwa, mwanafunzi hafundishwi kupiga. Hafundishwi kunyanyua mtu mabegani, wala kuruka kutoka juu ya kona, wala kuuchokoza umati. Anafundishwa kuanguka. Anachuchumaa katikati ya ulingo, anakunja mikono kifuani, anabana kidevu chini, kisha anajiachia kwenda kinyumenyume. Mgongo wa juu utue wote kwa pamoja. Mikono ifunguke na kupiga turubai papo hapo, ili kishindo kigawanyike mwilini. Pumzi itoke. Kisogo kisiguse chini kamwe. Akiweza akiwa amechuchumaa, anafanya akiwa amesimama. Akiweza akiwa amesimama, anarudia mpaka mwili ufanye wenyewe bila kusubiri amri ya akili.

Watazamaji wengi hudhani chini ya turubai lile kuna godoro. Kuna sponji nyembamba. Chini ya sponji, mbao. Chini ya mbao, fremu ya chuma. Mbao hunesa kidogo, na huko kunesa ndiko kunakookoa migongo, lakini pale hapana kilicho laini. Kamba nazo hazina huruma. WWE hutumia kamba halisi iliyozungushiwa utepe. Kampuni nyingine nyingi hutumia waya wa chuma uliovalishwa mpira. Mwanafunzi anayejifunza kukimbia kutoka kamba hadi kamba hurudi nyumbani na mavilio ya damu kwapani na mgongoni, na siku inayofuata huzikimbilia kamba zilezile akiwa na maumivu yaleyale.

Matokeo ya pambano hupangwa. Hilo lilikoma kuwa siri mwaka 1989, pale kampuni ya WWF, ambayo leo ni WWE, ilipoliambia baraza la kutunga sheria la jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani na si mashindano ya kweli. Haikusema hivyo kwa kupenda ukweli tu. Ilitaka kuondokana na usimamizi na tozo za kamisheni ya michezo ya jimbo. Lakini kupanga mshindi hakupunguzi uzito wa mtu. Mwili wa kilo 110 ukinyanyuliwa juu na kubwagwa, unashuka kwa nguvu ileile ambayo ungeshuka nayo kama pambano lingekuwa la kisasi cha kweli.

Ndiyo maana somo la pili, ambalo halimaliziki, ni kumtunza mwenzako. Wanamieleka wawili wanapokamatana shingo na kiwiko mwanzoni mwa pambano, kila mmoja anajua mguu upi utangulie na mkono upi upite wapi. Nchini Marekani na Japani mtu hufanya kazi upande wa kushoto wa mwili wa mwenzake: mkono wa kushoto ndio unaopindwa, kichwa hubanwa kwa mkono wa kushoto. Nchini Mexico huanzia kulia. Mmarekani anayekwenda Mexico kwa mara ya kwanza hulazimika kuufundisha mwili upya, kwa sababu kwenye ulingo nusu sekunde ya kusitasita inatosha kuvunja mfupa. Wanaminyana viganja kuulizana kama kila mmoja yu salama. Wananong'onezana hatua inayofuata huku nyuso zao zikionyesha chuki. Anayenyanyuliwa husaidia kwa kuruka. Anayenyanyua hubeba jukumu la kumrudisha chini akiwa mzima. Kazi yote imejengwa juu ya imani hiyo, nayo ni imani ya kweli katika fani iliyokaa miaka mingi ikiitwa ya uongo.

Mwezi Agosti 1997, kwenye onyesho la WWF liitwalo SummerSlam, Owen Hart alimgeuza mpinzani wake Steve Austin kichwa chini miguu juu na kuketi naye sakafuni. Kichwa cha Austin kilikuwa kimeshuka chini kuliko ilivyotakiwa. Kwa muda Austin hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Hart alizunguka ulingoni akiutania umati ili kununua dakika, mpaka Austin akajikokota na kumviringisha kwa ushindi dhaifu uliokuwa umepangwa uwe wa kishindo. Austin alirudi na kuwa nyota mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, lakini shingo ile ilihitaji upasuaji, na mwaka 2003 alistaafu akiwa na miaka 38. Pambano moja tu la mwaka 2022 ndilo lililomrudisha. Na Owen Hart hakuwa mwanagenzi. Alizaliwa ndani ya shule maarufu kuliko zote katika historia ya mieleka.

Shule hiyo ilikuwa chumba cha chini ya nyumba, mjini Calgary, Kanada. Mwenye nyumba, Stu Hart, alizaliwa mwaka 1915, alikuwa mwanamieleka hodari wa ridhaa kabla ya kuwa promota, na alizaa na mkewe Helen watoto 12. Chumba kile wanafunzi walikiita Dungeon, yaani gereza la chini ya ardhi. Dari lake lilikuwa fupi, sakafu ilikuwa na mikeka, na mzee Stu alikuwa na mikono ambayo watu waliopita pale waliendelea kuizungumzia hadi uzeeni. Aliwabana vijana mpaka wakapiga kelele, na kelele zilisikika hadi vyumba vya juu ambako familia ilikuwa inaendelea na shughuli zake. Bret Hart, mwanawe aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa WWF, alikua akizisikia.

Ukatili ule ulikuwa na mantiki yake. Enzi hizo mieleka ililindwa kwa siri: mtu wa nje hakutakiwa kujua kwamba mshindi amepangwa, na kijana aliyebisha hodi alipaswa kuthibitisha kwamba anaheshimu kazi kabla hajaonyeshwa siri yake. Njia ya kumpima ilikuwa kumuumiza. Katikati ya miaka ya 1970, huko Tampa, Florida, kijana mrefu mpiga gitaa la besi aliyeitwa Terry Bollea alipelekwa kwa mkufunzi Mjapani Hiro Matsuda. Kama Bollea mwenyewe alivyosimulia mara nyingi baadaye, Matsuda alimchosha kwa mazoezi mpaka akakaribia kuzirai, kisha akamvunja mguu siku hiyohiyo ya kwanza. Mguu ulipopona, kijana alirudi. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Hulk Hogan.

Hadithi ya Hogan husimuliwa kama ushahidi kwamba mateso hujenga mabingwa. Ni ushahidi mbovu. Mguu uliovunjwa haukumfundisha mtu yeyote namna ya kuanguka. Na wale walioumizwa wakaenda zao bila kurudi, wengine huenda wakiwa na kipaji kuliko Hogan, hawana kitabu wala kamera ya kuwasimulia.

Hata wakati milango ilipofunguliwa kwa yeyote mwenye ada, macho ya walinzi wa mlango yalibaki yaleyale. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya WCW ilikuwa na kituo chake Atlanta kilichoitwa Power Plant. Kilimtoa Bill Goldberg na Diamond Dallas Page. Vilevile kilimfanyia majaribio mlinzi wa vilabu vya usiku aliyeitwa Dave Batista, na kwa maelezo yake mwenyewe aliambiwa kwamba hatafika popote katika mieleka. Batista akaenda Louisville, Kentucky, kwenye shule ya Ohio Valley Wrestling, OVW, iliyokuwa ikiiandalia WWE vijana wake. Pale alifanya mazoezi na Brock Lesnar, Randy Orton na John Cena. Mwaka 2002 wote wanne walikuwa wameshaonekana kwenye televisheni ya WWE, na kila mmoja akaja kuwa bingwa wa dunia. Pengine hakuna darasa jingine lililowahi kuzaa mapato makubwa hivyo. WCW yenyewe ilikuwa imekwisha: Machi 2001 ilinunuliwa na mshindani wake.

Japani imeshika njia nyingine, ambayo ni kali bila kuficha ukali wake. New Japan Pro-Wrestling, kampuni iliyoanzishwa na Antonio Inoki mwaka 1972, ina bweni na ukumbi wa mazoezi katika eneo la Noge jijini Tokyo. Wanafunzi huishi humo. Huamka, hufagia, hufua, hupika chanko, mchuzi mzito wa nyama na mboga uliotoka kwa wapiganaji wa sumo, huchuchumaa na kuinuka mamia ya mara, kisha ndipo huingia ulingoni. Wakianza kupanda mbele ya watazamaji huvaa bukta nyeusi na viatu vyeusi, hawana muziki wa kuingilia, hawana jina la mbwembwe, na hufanya mitindo michache ya msingi tu. Wanaitwa simba wachanga. Hushindwa karibu kila mara. Kazi yao ni kumwonyesha mtazamaji kwamba wanataka kushinda.

Baada ya miaka kadhaa hupelekwa ng'ambo, na wanaporudi hupewa sura mpya. Kazuchika Okada aliondoka kwenda Marekani mwaka 2010 akiwa kijana asiye na uzito wowote kwenye ratiba. Alirudi Januari 2012 akiwa na nywele za dhahabu na majivuno ya tajiri, na mwezi uliofuata alimvua ubingwa Hiroshi Tanahashi, aliyekuwa mhimili wa kampuni. Mashabiki walishangaa, kisha wakaelewa. Walikuwa wamemwona akishindwa kwa bukta nyeusi, kwa hiyo ushindi wake ulikuwa na uzito ambao pesa ya matangazo haiwezi kuununua. Hapo ndipo mfumo wa Japani unapozidi mingine yote: mafunzo yenyewe ni sehemu ya hadithi.

Lakini anayetaka kuielewa hali ya mieleka leo, fedha zake na majeraha yake, afadhali aanzie Massachusetts, kwa mzee mmoja mrefu, mlaji mboga, mpole nje ya ulingo, aliyejulikana kama Killer Kowalski. Mwaka 1952 mjini Montreal, katika pambano dhidi ya Yukon Eric, goti lake lililoshuka kutoka juu lilichana sikio la mwenzake, na sifa ya uuaji ikamganda maisha yake yote. Alipostaafu mwishoni mwa miaka ya 1970 alifungua shule. Miongoni mwa waliopitia shule ile wapo wawili ambao njia zao zinaeleza mengi kuliko takwimu zozote.

Wa kwanza ni Paul Levesque, kijana mtunisha misuli kutoka New Hampshire, aliyeanza kupanda ulingoni mwaka 1992. Alikuja kuwa Triple H, bingwa mara nyingi, kisha mkwe wa mmiliki wa WWE, kisha mkuu wa idara iliyosaka na kufunza vipaji. Ni chini yake kwamba Julai 2013 WWE ilifungua Performance Center mjini Orlando, Florida: jengo la takriban mita za mraba 2,400, malingo saba, ukumbi wa vyuma, matabibu, vyumba vya kurekodia sauti na picha. Ulingo mmoja kati ya hayo saba ulitengenezwa uwe na sehemu laini ya kutulia, ili wanaojifunza kuruka wakosee bila kulipia kosa kwa shingo zao. Ukilinganisha na chumba cha Stu Hart, umbali ni mkubwa, na ni umbali wa kwenda mbele.

Wanafunzi wa Orlando hawalipi ada; wanalipwa. Wengi hawakuwahi kuota kazi hii. Desemba 2021 WWE ilianzisha mpango wa kuwasaini wanamichezo wa vyuo vikuu wakiwa bado masomoni: warusha kisahani, wakimbiaji, wacheza mpira wa Kimarekani, wanasarakasi. Bianca Belair alikuwa mruka viunzi wa Chuo Kikuu cha Tennessee kabla ya kufika pale, na alifika kileleni. Gable Steveson alifika na medali ya dhahabu ya mieleka ya Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 2024 aliachwa bila kung'ara. Mwili uliozoea kumshinda mtu kweli wakati mwingine hugoma kujifunza kushindwa kwa ufundi.

Na kuna lile ambalo misuli haifundishi: kuzungumza. Kwa miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki Juni 2015, Dusty Rhodes, mtoto wa fundi bomba aliyekuwa na mwili wa mtu wa kawaida na ulimi wa mhubiri, aliwafundisha vijana wa Orlando kusimama mbele ya kamera na kumfanya mtu aliyekaa nyumbani atake kulipa ili awaone. Aliwataka waseme jambo wanaloliamini. Darasa lake liliwapitisha akina Sasha Banks, Bayley, Charlotte Flair na Becky Lynch, wanawake ambao katika miaka michache waligeuza pambano la wanawake kutoka dakika mbili za mapumziko hadi kuwa pambano la kufungia usiku. Tarehe 7 Aprili 2019, kwenye WrestleMania ya 35, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, katika uwanja wa MetLife, New Jersey, pambano la mwisho lilikuwa la Lynch, Flair na Ronda Rousey. Wanawake hawakuwahi kuifunga WrestleMania kabla ya hapo.

Tofauti na walipotoka wanawake hao ni kubwa. Kwa miongo mingi mlango wa wanawake nchini Marekani ulishikwa na mtu mmoja, Lillian Ellison, aliyejiita The Fabulous Moolah, aliyefunza wasichana nyumbani kwake Columbia, South Carolina, na kuwapangia mapambano. Wanafunzi wake kadhaa walieleza jinsi alivyokata fungu kubwa la malipo yao, na baadhi walitoa tuhuma nzito zaidi. Mwaka 2018 WWE ililiita pambano moja la WrestleMania kwa jina lake, mashabiki wakapaza sauti, na jina likaondolewa. Shule ambayo mwalimu ndiye wakala, ndiye mwenye nyumba na ndiye mlipaji, mwanafunzi wake hana pa kulalamikia.

Usiku uleule wa Aprili 2019, Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alimshinda Daniel Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Wakati anaingia kwenye televisheni mwaka 2008, kampuni ilimtambulisha kama Mjamaika, akawa anaigiza lafudhi isiyo yake. Ilimchukua miaka 11 kutoka pale hadi kwenye mkanda wa ubingwa. Oktoba 2019 alivuliwa ubingwa na Brock Lesnar kwa pambano lililokwisha kabla ya sekunde 10, usiku ambao kipindi cha WWE kilihamia kituo kipya cha televisheni na kilihitaji jina la kushtua. Ustadi wa miaka mingi ulisogezwa kando kwa hesabu ya watazamaji wa siku moja. Kwa mashabiki wengi wa bara hili, kidonda hicho hakijapona.

Mwanafunzi wa pili wa Kowalski ni Chris Nowinski. Alikuwa amehitimu Harvard, ambako alicheza mpira wa Kimarekani, na mwaka 2001 alifika hatua za mwisho za Tough Enough, shindano la televisheni la kutafuta wanamieleka wapya. WWE ilimchukua na kumpa nafasi ya adui, msomi mwenye dharau. Mwaka 2003 alipigwa teke kidevuni, akapata mtikisiko wa ubongo, akaficha dalili kama wote walivyoficha, akaendelea kupanda ulingoni hadi mwili ulipokataa. Maumivu ya kichwa hayakuisha. Aliandika kitabu kuhusu majeraha ya ubongo michezoni, na mwaka 2007, pamoja na daktari Robert Cantu, akaanzisha taasisi ya kuyachunguza.

Mwezi Juni mwaka huo, mwanamieleka Chris Benoit alimuua mkewe na mwanawe mdogo, kisha akajiua. Nowinski alimwomba baba yake Benoit ruhusa ya kuupima ubongo wa mwanawe, na madaktari walikuta uharibifu wa aina inayoletwa na mapigo ya kichwa ya kurudiarudia. Matokeo hayo hayaondoi uovu wa kilichotendeka ndani ya nyumba ile. Lakini yaliifanya fani ikabili swali ililolikwepa kwa miaka mingi. WWE ilianza kuwapima wanamieleka wake ubongo, na mwaka 2010 ikapiga marufuku kumpiga mtu kiti kichwani. Mwaka 2016 Daniel Bryan, kipenzi cha umati, alilazimika kustaafu kwa sababu ya mitikisiko hiyo. Aliruhusiwa kurudi miaka miwili baadaye baada ya vipimo vingi. Kizazi cha Nowinski kisingezuiwa hata siku moja.

Sasa fedha. Aprili 2023 kampuni ya Endeavor ilitangaza kuichukua WWE kwa thamani ya dola bilioni 9.3, na Septemba ikaiunganisha na UFC, kampuni ya mapigano ya kweli, kuunda TKO. Januari 2024 Netflix ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka 10 ili ionyeshe Raw, kipindi cha WWE cha kila wiki, na kipindi cha kwanza kikaruka tarehe 6 Januari 2025. Vince McMahon, aliyeinunua kampuni kwa baba yake mwaka 1982 na kuigeuza himaya, aliondoka Januari 2024 kufuatia kesi ya tuhuma za unyanyasaji wa kingono, ambazo amezikana. Mshindani naye yupo: AEW, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa fedha za familia ya Khan, Agosti 2023 ilijaza uwanja wa Wembley, London, na kutangaza tiketi zaidi ya 81,000. Kwa hesabu za wenye hisa, mieleka haijawahi kuwa na afya kama hii.

Wenye miili wana hesabu nyingine. Wanamieleka wa WWE kisheria si waajiriwa. Ni wakandarasi huru. Kampuni hulipia matibabu ya jeraha la ulingoni, lakini bima ya afya ya kawaida ni juu yao, na hawana chama cha wafanyakazi. Wakati huohuo kampuni ndiyo huamua wavae nini, waitwe nani, wapambane wapi na washindwe lini. Septemba 2020 iliwapiga marufuku hata kujipatia fedha kwa majina yao kwenye majukwaa ya intaneti bila ridhaa yake. Mkandarasi wa namna hiyo ana uhuru gani? Mwanamieleka Jesse Ventura alijaribu kuwashawishi wenzake waungane mwaka 1986, kabla ya WrestleMania ya pili. Haikufika mbali, na baadaye Ventura alieleza kwamba aliyepeleka habari kwa bosi alikuwa Hulk Hogan. Karibu miaka 40 imepita, na fani inayofundisha kila mwanafunzi wake, siku ya kwanza, kuulinda mwili wa mwenzake, bado haijajipanga kuilinda miili hiyo kwa pamoja. Hili ndilo deni lake kubwa kuliko yote.

Ukishuka chini ya WWE na AEW, fedha hukauka haraka. Shule binafsi hutoza ada ya dola elfu kadhaa, na anayehitimu huanza kupanda kwenye kumbi za shule, makanisa na mabohari kwa malipo ambayo mara nyingine hayafiki hata gharama ya mafuta. Nyota Mick Foley, alipokuwa mwanafunzi wa chuo huko Cortland, New York, aliendesha gari kila wiki zaidi ya kilomita 500 hadi Freedom, Pennsylvania, kwa mkufunzi Dominic DeNucci, na usiku alilala ndani ya gari hilo. Wapo Foley wengi leo, na wengi wao hawatafika alikofika yeye. OVW yenyewe, iliyomtoa Cena, iliachwa na WWE mwaka 2008. Baadaye ikaja kuongozwa na Al Snow, aliyekuwa mkufunzi wa Nowinski kwenye Tough Enough, na filamu ya mfululizo ya Netflix ya mwaka 2023 ilimwonyesha akihangaika kulipa bili za ukumbi wiki hadi wiki huku akiwafundisha vijana kwamba pambano lisilo na hadithi ni mazoezi ya viungo tu.

Shule nyingi nzuri leo zinaendeshwa na watu waliopanda wenyewe: Seth Rollins ana yake Iowa, Booker T ana yake Texas. Tatizo ni kwamba mtu yeyote anaweza kufungua. Mahali pengi hakuna leseni, hakuna mtihani wa ukufunzi. Juni 2020 nchini Uingereza mamia ya watu, wengi wao wanawake vijana, walijitokeza hadharani kueleza walivyodhalilishwa na wanamieleka, mapromota na wakufunzi. Kundi la wabunge wa vyama vyote lilichunguza fani nzima, na ripoti yake ya Aprili 2021 ilionyesha pengo la ajabu: kwa kuwa mieleka haikuhesabiwa mchezo wala sanaa, hakuna chombo kilichowajibika nayo. Wabunge walipendekeza shule zake zitambuliwe kama za michezo, ili mkufunzi abanwe na wajibu uleule unaombana kocha wa kuogelea au wa mpira anayefundisha watoto.

Pengo hilo linatuhusu hata huku Afrika Mashariki. Mjini Mukono, Uganda, mashariki ya Kampala, kundi la vijana wa kike na wa kiume linajiita Soft Ground Wrestling. Lilianzishwa na Daniel Bumba mwaka 2023. Hawakuwa na fedha za kununua ulingo wa turubai, kwa hiyo walisimika nguzo za mianzi, wakafunga kamba, wakatifua udongo mpaka ukawa tope laini la kuangukia, na wakaanza kubwagana humo. Video zao kwenye TikTok zilitazamwa dunia nzima. Ukiziangalia kwa makini, nyuma ya tope utaona ufundi: videvu vimebanwa, mikono imefunguka, anayenyanyuliwa anaruka kumsaidia anayenyanyua. Wamejifunza mengi kwa kutazama, kusimamisha picha, kurudia.

Lakini kutazama kuna mpaka. Tope husamehe anguko baya kwa namna ambayo mbao na chuma havitasamehe, na siku vijana hao watakapohamia ulingo kamili itabidi warudi kwenye somo la kwanza kabisa, wakiwa wamechuchumaa, mbele ya mkufunzi anayejua shingo inavyovunjika. Mkufunzi huyo hapatikani kirahisi Uganda, Kenya wala Tanzania. Anahitaji kuletwa, au kijana apelekwe kwake na kurudi kuwafundisha wengine, na mtu alipie safari hiyo. Anahitajika pia daktari kando ya ulingo, na mkataba wa kurasa mbili unaosema nani atalipa hospitali na mapato ya video ni ya nani. Kampuni iliyouza kipindi kimoja kwa dola bilioni 5, na ambayo watoto wa Afrika Mashariki wameitazama kwa kanda, kwa vibanda vya video na kwa simu kwa zaidi ya miaka 30, ingeweza kugharimia yote hayo bila hata kuihisi hasara.